Kabla ya Kununua Antena, Yajue Maji Yanavyojaa na Kupwa

Juma lililopita kijana mmoja aliniandikia akitaka kujua anunue antena ya sahani ya ukubwa gani ili avushe intaneti kutoka kisiwani Mombasa hadi kwao Mtongwe, umbali wa kilomita 3 hivi. Swali hilo nami nililianza nalo, na kwa kuwa lilinipotezea kazi na sehemu ya jina langu, nimeona nimjibu kwa urefu.

Miaka minne iliyopita nilipewa kazi ya kuunganisha, kwa mawimbi ya redio, shule moja ya Junda na jengo la ghorofa huko Tudor. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka 2009, lakini shule ile, iliyo ng'ambo ya mkono wa bahari tu, ilikuwa bado inanunua bando za simu. Umbali ulikuwa takribani kilomita 4, nyingi zikiwa juu ya maji. Nilipanda juu ya paa na darubini nikaliona paa la shule waziwazi, nikapiga hesabu kwamba kwa masafa ya gigahatsi 5.8 mawimbi yanahitaji nafasi ya kama mita 7 kuzunguka mstari wa kati katikati ya safari, na angalau asilimia 60 ya nafasi hiyo isizibwe na kitu. Nafasi ilikuwepo. Siku ya kuwasha, mtandao ulikwenda kwa kasi ambayo walimu hawakuwahi kuiona, nami nikarudi nyumbani nikijiona fundi.

Baada ya siku chache simu zikaanza. Mtandao ulikuwa ukikatika jioni kwa muda, kisha ukirudi wenyewe bila kuguswa na mtu. Nilibadilisha waya, nikabadilisha redio inayorusha mtandao, nikapanda mlingotini juani kuielekeza antena upya, lakini kila nilipofika shuleni, na nilikuwa nikifika asubuhi, kila kitu kilikuwa kizima. Mwenye shule aliniambia mbele ya walimu wake kwamba ninamdanganya ili nimuuzie vifaa zaidi. Neno lile bado linanichoma.

Aliyeniokoa ni karani wa shule, dada aliyelelewa katika nyumba ya wavuvi. Alikuwa ameandika katika daftari la mistari saa za kila mkatiko: Jumatatu 10:10 jioni, Jumanne 10:50, Jumatano 11:35. Aliniwekea kidole juu ya zile saa akasema, "Kaka, si tuko kwenye bamvua? Hizi ndizo saa maji yanapojaa."

Nilikaa chini. Bahari iliyotulia ni kioo kwa mawimbi ya redio: sehemu moja ya mawimbi huenda moja kwa moja, na nyingine hugonga maji kisha ikafika kwa kuchelewa kidogo. Wimbi la gigahatsi 5.8 lina urefu wa sentimita 5 tu, kwa hiyo tofauti ya sentimita chache katika njia hizo mbili yatosha kuyafanya yauane badala ya kusaidiana. Hapa kwetu bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hupandisha maji zaidi ya mita 3, na tofauti ya njia hizo hubadilika maji yanapopanda na kushuka. Kwenye kiungo changu, mauti yalikuwa pale maji yanapofika kilele. Alfajiri pia yalikuwepo, ila hakuna aliyekuwa macho kulalamika. Siku za maji mafu, yanapojaa kidogo tu, hapakuwa na tatizo lolote.

Nilimwendea mwenye shule na daftari mkononi. Alikuwa amekwishampa kazi fundi mwingine, na salio langu hakunilipa hadi leo.

Ndugu yangu, ninayasema haya kwa sababu sisi sote tunaotaka kuishi kwa kazi hii tuna tamaa moja, nayo ni kukimbilia dukani. Tunabishana kuhusu nguvu za redio ilhali hatujakwenda ufukweni. Nenda ufukweni! Mwaka jana nilivusha mtandao wa zahanati moja juu ya maji ya bandari ya Kilindini, na safari hii nilifunga redio mbili kila upande, ya pili ikiwa chini ya ya kwanza kwa mita 3 na nusu, ili moja inapofikwa na mauti ya maji nyingine iwe hai na ruta ihamie huko. Umepita msimu mzima wa upepo wa kusi bila simu hata moja ya malalamiko, na hilo ninajivunia.

Mengine ni machache. Tumia nati za chuma kisichoshika kutu, kwa maana chumvi yetu haina huruma. Waya uushushe kidogo kabla ya kuingia ndani, maji ya mvua yadondokee nje. Kwa Mtongwe, tazama pia njia ya meli, maana meli iliyopakiwa makontena ni ukuta unaotembea.

Wewe kijana, chagua siku ya bamvua, kaa pale tangu maji yamekupwa mpaka yajae, ni kama saa sita, uandike urefu wa paa zote mbili kutoka usawa wa maji. Niletee hizo namba kwanza. Kuhusu sahani, kwa kilomita 3 ya sentimita 40 yatosha.