Amplifaya ya 3-500Z inayotetema yenyewe

Ndugu, unasema kwenye amplifaya yako ya redio yenye vali (tyubu ya kielektroniki) ya 3-500Z, mkondo wa gridi, yaani elektrodi inayodhibiti mkondo ndani ya vali, unaruka hata bila mawimbi kuingia, na swichi ya bendi inapiga cheche. Hiyo ni mitetemo vimelea, yaani mitetemo isiyotakiwa inayojizalisha yenyewe. Waya wa anodi (elektrodi ya vali inayopokea elektroni) pamoja na kapasitansi ya vali vimeunda saketi nyingine inayotetema karibu na megahezi 100 au zaidi, mbali kabisa na bendi unayotumia.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa umeme na umwage chaji ya kapasita kubwa hadi mita isome sifuri. Volti 3,000 haziachi nafasi ya kujuta.

Anza na gridi: pini zake tatu ziende moja kwa moja kwenye chasisi kwa vipande vifupi na vipana vya shaba. Kisha kagua kizuizi cha mitetemo hiyo kilicho juu ya anodi, yaani koili ya mizunguko michache iliyofungwa sambamba na rezista ya omu 50 hadi 100. Rezista iliyoungua hubadilika thamani, kwa hiyo ipime. Usiweke rezista ya waya uliozungushwa, kwa sababu nayo ni koili, na hapo tunataka ukinzani mtupu unaomeza nishati ya mitetemo.