Re: Naajiri vijana wawili wapya kwa karakana ya welding, kuna msaada wa kuwafundisha?

Ndugu yangu, umesema uko na wafanyakazi wanne hapo Nakuru na unaogopa gharama ya kufundisha hao wawili, sasa cheki NITA (mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani) kwanza kabla hujatoa mfukoni. Ile levi (ada ya lazima ambayo mwajiri anailipa NITA) ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, yaani 600 kwa mwaka kwa mtu mmoja, si pesa ya kupotea tu, mwajiri aliyelipa anaweza kuomba arudishiwe sehemu ya gharama za mafunzo. Lakini sikiza hapa ndipo wengi wanakwama: omba idhini KABLA mafunzo hayajaanza, mkufunzi awe amesajiliwa na NITA, na uweke risiti na rejista ya mahudhurio, ukipeleka kijana kwanza halafu uombe baadaye imekula kwako.

Pia wakishashika kazi wapeleke trade test ya Grade III (mtihani wa ufundi wa NITA, ngazi ya kuanzia), kile cheti kinamsaidia kijana hata akitoka kwako.

Na tafadhali usimrushie mteja geti lililochomelewa na mgeni, mpe vipande vya chuma chakavu achomelee wiki mbili, akijua kusikiza ule mlio wa moto ukitulia ndio umpe bawaba. Mask ya macho nunua siku ya kwanza kabisa.