Kenge wangu alikufa kwa kunenepa, na nilikuwa nikijisifu

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia: "Kaka, nataka kufungua banda la maonyesho ya reptilia kama lako. Nianze na nyoka gani atakayevuta watu? Koboko?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi nami nilianza na swali hilohilo, na kenge ndiye aliyelipa.

Alikuwa kenge wa savana, yule mfupi mwenye shingo nene. Nilimpata akiwa mdogo wa kutosha kiganjani. Nikamwekea kizimba cha kioo, mchanga kidogo chini, taa moja juu. Wageni walipenda kumwona akimeza panya, basi nikawapa walichokijia. Panya Jumamosi, panya Jumapili, na katikati ya wiki wakija wanafunzi, panya tena. Akavimba. Kila aliyepita alisema "huyu anatunzwa!", na kichwa changu kikavimba pamoja naye.

Kipimajoto nilikibandika ukutani, kikisoma nyuzi 32, nikaridhika. Kumbe kenge huyu haoti joto ukutani. Panapomhusu ni pale anapolaza tumbo, na pale panatakiwa pafike nyuzi 50 hata 60, huku upande wa pili wa kizimba ukiwa na ubaridi wa kukimbilia. Akikosa joto hilo, chakula kinamlemea. Na porini hashindi na panya: anatafuta jongoo, panzi, nge, mende, konokono, na anachimba muda wote.

Daktari wa mifugo alimpasua mbele yangu. Mafuta ya njano yalijaa mpaka ikabidi ayasogeze kwa vidole ndipo tukaliona ini. Mwenzangu tuliyeanzisha naye banda akasema, wahudumu wakisikia, "Umemuua kwa mapenzi." Bado inaniuma. Na panya wenyewe alikuwa akiwanunua yeye!

Sasa mdogo wangu, nisikilize. Pima joto. Usipime hewa, pima jiwe analolalia. Vipo vipimajoto vya kulenga kama bastola, nunua hicho kabla hujanunua mnyama. Weka taa ya UVB, yenye miale kama ya jua, na uibadilishe hata kama bado inawaka, maana mwanga unabaki ilhali miale imekwisha. Kisha pima joto tena. Joan Procter, mama aliyebuni jumba la reptilia la London Zoo lililofunguliwa 1927, alianza kwa kufikiria joto na mwanga, na bado watu walijaa kumwona akitembea na joka wa Komodo, kenge mkubwa kuliko wote, aliyeitwa Sumbawa. Mwenye kujua kazi hahitaji kurusha panya ili apigiwe makofi.

Kuhusu nyoka wa sumu, swali lako lenyewe linanitisha. Shamba la nyoka la Bangkok, lililofunguliwa 1923, lilikuwapo ili nyoka wakamuliwe sumu, farasi wadungwe kidogo kidogo, na damu yao itoe dawa ya kuokoa walioumwa. Wewe unataka koboko avute watu. Je, dawa yake iko hospitali gani, na ni umbali gani kutoka kwenye kizimba chako? Kama hujui, anza na chatu mdogo, na hata huyo usimfungulie ukiwa peke yako. Kufuli mbili. Watu wawili. Nimeshawaona wajuzi wa kushika kwa mkono mtupu, na wengine leo wanahesabu vidole.

Mimi sasa nina kenge mwingine. Nimemjazia udongo wa kina cha nusu mita na zaidi, na wadudu ndio chakula chake. Amekonda kidogo, ana mbio, na kuna siku haonekani kabisa. Jumapili mama mmoja alisimama mbele ya kioo na watoto wake watatu, akataka arudishiwe kiingilio kwa sababu kizimba ni kitupu. Nilimrudishia. Tulipokuwa tunahesabu chenji, mtoto wake mdogo akaona udongo unatikisika.