Farasi Ambaye Hajawahi Kuguswa: Maswali na Majibu

Swali (msomaji aliyeko Nevada, Marekani): Familia yetu imemchukua farasi jike wa porini, mwenye umri wa miaka minne, kutoka BLM, idara ya serikali inayosimamia ardhi ya umma. Kila nikiingia zizini hukimbilia pembe ya mbali. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwenye zizi lenyewe. Idara hiyo, ambayo huwasimamia farasi hawa kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1971, inamtaka anayemchukua farasi mkubwa asiyezoeshwa awe na uzio wa futi 6 na nafasi isiyopungua futi za mraba 400 kwa kila mnyama, wala haikubali waya wa miiba. Masharti hayo ni ya haki, kwani farasi aliyeshikwa na hofu huuruka uzio mfupi au huuvamia.

Baada ya hapo jifunze umbali ambao ukiuvuka, yeye huanza kuondoka. Simama kabla ya kuufikia, umwelekezee ubavu badala ya kifua, mikono ikiwa chini na macho yako yasimkodolee. Mara tu anapokutegea sikio, anaposhusha kichwa au anapopiga hatua moja kuja upande wako, geuka uondoke. Wengi hukosea hapa, kwa kuwa wakimwona ametulia ndipo wanapozidi kumsogelea, na mnyama hupata funzo kwamba utulivu humletea usumbufu. Farasi hujifunza wakati ule unapomwachia: ukiondoka akiwa anakimbia, umemfundisha kukimbia, ukiondoka akiwa ametulia, umemfundisha kutulia. Mambo mengine yote nitakayoyaeleza yanatokana na hilo.

Siku atakapokuruhusu umfikie, usianzie usoni. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo haoni vizuri kilicho mbele kabisa ya paji lake, wala hakioni kilicho nyuma ya mkia. Mkune pale shingo inapokutana na mabega, mahali ambapo farasi wenyewe hukunana kwa meno, na ambapo kukunwa huyapunguza mapigo ya moyo. Kama mkono bado unamtisha, tumia kwanza fimbo ndefu ya mwanzi.

Swali: Jirani yangu, mfugaji wa siku nyingi, anasema nimfunge kwenye nguzo apambane mpaka achoke. Je, yuko sahihi?

Jibu: Hapana, na ninakusihi usikubali. Farasi ambaye hajafundishwa kuufuata mvuto wa kamba hujitupa nyuma kwa uzito wake wote, na anaweza kuumia shingo au kuanguka vibaya. Hata asipoumia, kule kunyamaza kwake baada ya mapambano mara nyingi ni kukata tamaa, si imani. Mnyama aliyeelewa huchezesha masikio, hupepesa macho na kulegeza midomo. Aliyekata tamaa husimama misuli ikiwa imekaza, na hofu aliyoificha inaweza kulipuka siku yoyote, pengine mtoto akiwa karibu. Inaniuma kuona ukatili huu bado unasifiwa kuwa ni ushujaa.

Swali: Nikimnyima chakula, njaa haitamleta kwangu?

Jibu: Usimnyime. Tumbo la farasi hutoa asidi saa zote, na kukaa muda mrefu bila nyasi humletea vidonda vya tumbo. Mpe nyasi kavu za kutosha na ukae karibu anapokula. Nafaka nyingi za ghafla nazo ni hatari, kwani husababisha maumivu makali ya tumbo yanayoweza kumuua.

Swali: Vipi kuhusu hatamu na kwato?

Jibu: Mguse pua kwa hatamu, kisha uiondoe kabla hajakwepa, na urudie hadi aizoee, kuifunga ni hatua ya mwisho. Kwa miguu, anzia begani na ushuke taratibu, na anapoupunguzia mguu uzito, mwachie papo hapo. Kwato huhitaji kukatwa takriban kila wiki 6 hadi 8. Zikiwa zimerefuka kupita kiasi kabla hajazoea kushikwa, ni heri daktari wa mifugo ampe dawa ya kumtuliza kuliko kumwangusha kwa kamba. Daktari huyo huyo akague pia chanjo ya pepopunda, ugonjwa ambao farasi huupata kwa urahisi kupitia jeraha dogo tu.

Swali (msomaji wa Lamu): Nina punda kijana ambaye hajawahi kushikwa. Njia hii inamfaa?

Jibu: Inamfaa, ila dalili zake ni za kutafutwa. Farasi akiogopa hukimbia, lakini punda mara nyingi husimama kama aliyegandishwa, na watu wakidhani ni ukaidi humchapa, wakati mnyama bado anapima hatari iliyo mbele yake. Mpe muda na uangalie masikio na pua. Punda pia hushikamana sana na mwenzake, kwa hiyo ukiweza kumweka pamoja na punda mtulivu aliyezoea watu, fanya hivyo tangu siku ya kwanza, na umhudumie yule mtulivu kwanza huku huyu kijana akitazama.