Uliza Ujibiwe: Tano jumlisha tatu, jibu 53

SWALI: Naanza kujifunza Python na ninaandika kwenye Notepad. Nimetunga programu ya kujumlisha: a = input(), b = input(), kisha print(a + b). Nikiingiza 5 na 3 napata 53, wala hakuna ujumbe wa kosa. Kuna programu inayoweza kunionyesha kosa liko wapi?

JIBU: Ipo, inaitwa Thonny. Ni ya bure, imetoka Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, na inakuja na Python yake, hivyo huna haja ya kusakinisha kitu kingine.

Fungua faili lako humo, kisha kwenye menyu ya View chagua Variables. Usibonyeze F5, maana hiyo inaendesha programu yote kwa mkupuo. Bonyeza Ctrl+F5, halafu endelea na F7 kidogo kidogo. Programu ikisubiri namba, iandike chini kwenye Shell na ubonyeze Enter. Ukifika kwenye print, utaona a inageuka '5' na b inageuka '3' mbele ya macho yako. Zitazame hizo alama za nukuu: kilichohifadhiwa ni maandishi, si namba. Kazi ya input ni kurudisha maandishi, hata ukiandika tarakimu tupu, na alama ya + huyaunganisha maandishi. Kwa Python hapo hakuna kosa, ndiyo maana imenyamaza.

Andika a = int(input()), na b vivyo hivyo. Ila mtu akiingiza 2.5, int itagoma na kutoa ValueError. Ukitarajia desimali, tumia float. Mabano ya mwisho ni mawili, na wengi husahau moja. Thonny huonyesha kwa rangi bano lisilofungwa, jambo ambalo Notepad haikusaidii hata kidogo.

SWALI: Nilichora mraba vizuri kwa turtle, moduli ya Python ya kuchorea. Nilipohifadhi faili kwa jina turtle.py, ikakataa.

JIBU: Jina ndilo tatizo. Ukiandika import turtle, Python hutafuta kwanza kwenye folda ya programu yako, kwa hiyo inalikuta faili lako na kuliacha la kwake. Lipe jina jingine, kama mraba.py. Ukitumia Save as, la zamani hubaki palepale, na litaharibu kila programu ya turtle iliyo kwenye folda hiyo, lifute. Jihadhari pia na random.py.