Maswali ya Wasomaji: Tairi la Nyuma na Utulivu wa Pikipiki ya Safari

Barua nyingi zilizofika safari hii zinahusu tairi la nyuma la pikipiki za safari ndefu, na nyingi kati yake zinaomba ruhusa ya kufunga saizi kubwa zaidi. Nimechagua nne. Kwa wengine ambao barua zao hazikupata nafasi, natumaini mtajiona humu ndani, kwa kuwa malalamiko yenyewe yanafanana sana.

SWALI: Pokea salamu zangu. Ninaendesha Yamaha FJR1300 ambayo tairi lake la nyuma ni 180/55ZR17. Mwenzangu ananishawishi nifunge 190/50, akisema pikipiki itatulia zaidi na kushika lami vizuri kwenye kona. Fundi naye anasema rimu yangu italipokea. Je, nikubali?

JIBU: Salamu zimefika, ndugu yangu, nami nakushauri usikubali. Tuzisome kwanza namba zenyewe. Katika 180/55ZR17, namba 180 ni upana wa tairi kwa milimita, 55 ni asilimia ya upana huo inayotupatia kimo cha ubavu, yaani milimita 99, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukifanya hesabu hiyohiyo kwa 190/50 unapata ubavu wa milimita 95. Tairi unaloambiwa kuwa ni kubwa linaishusha pikipiki yako kwa nyuma milimita 4, na pikipiki iliyoshuka nyuma huwa nzito kuingia kwenye kona.

Kuhusu rimu, fundi wako hakukudanganya, ila hakumaliza maelezo. Rimu ya nyuma ya FJR ina upana wa inchi 5.5, na tairi la 190/50 hupimwa likiwa kwenye rimu ya inchi 6. Inchi 5.5 bado imo ndani ya kiwango kinachokubalika, lakini ni mwisho wa kiwango hicho. Kwa kadiri, kila nusu inchi ya rimu hubadilisha upana halisi wa tairi kwa milimita 5 hivi, kwa hiyo zile milimita 10 ulizolipia zitarudi kuwa 5, na kingo za tairi zitavutwa kwa ndani hadi mgongo wake uache kuwa na lile duara alilokusudia mtengenezaji. Wapo wanaolipenda tairi lililobanwa hivyo kwa sababu hufanya pikipiki ianze kulala haraka, lakini katikati ya kona, hasa lami ikiwa na mabaka, hisia yake haitabiriki.

Mwenzako ana imani iliyoenea sana, kwamba upana ndio mshiko. Eneo la tairi linalogusa lami linategemea zaidi uzito lililobeba na upepo uliomo ndani. Ukiongeza upana bila kubadilisha hayo mawili, alama inayoachwa barabarani inakuwa pana zaidi na fupi zaidi, huku ukubwa wake ukibaki karibu uleule. Isitoshe, pikipiki inapolala, sehemu inayogusa lami inahama kuelekea upande wa kona, na tairi likiwa pana inahama mbali zaidi, kiasi kwamba katika kona ileile na kwa mwendo uleule utalazimika kuilaza pikipiki zaidi kidogo kuliko mwenye tairi jembamba. Kwa pikipiki yenye masanduku na vikanyagio vilivyo karibu na ardhi, hiyo ni hasara. Bakia na 180/55, na fedha iliyobaki itumie kununua tairi lenye mpira wa aina mbili, mgumu katikati na laini pembeni, kwani hilo ndilo litakalokupa ule mshiko unaoutafuta.

SWALI: Nina Kawasaki 1400GTR inayotumia 190/50ZR17 nyuma. Ni nzito mno kugeuza kwenye barabara za milimani, na nimesikia kwamba wenzangu wengi wamehamia 190/55. Je, kuna madhara?

JIBU: Hapa jibu langu ni tofauti, ingawa upana unabaki uleule, kwa sababu kinachobadilika ni kimo. Ubavu wa 190/50 una milimita 95 na wa 190/55 una milimita 104.5. Ekseli ya nyuma inapanda milimita 9.5, pikipiki inainama mbele, na shingo ya usukani inasimama zaidi kwa takriban theluthi moja ya digrii. Ukiitazama kwenye karatasi ni tarakimu ndogo, lakini mikono huitambua tangu kona ya kwanza. Tena, mgongo wa 190/55 una duara zaidi, hivyo pikipiki inalala kwa mfululizo mmoja mwororo, badala ya kukataa mwanzoni kisha kudondoka ghafla.

Madhara yapo, nayo ni ya kupimwa kuliko kuogopwa. Mzingo wa tairi unaongezeka kwa asilimia 3, kwa hiyo pale spidomita inapokuonyesha kilometa 100 kwa saa utakuwa unakwenda asilimia 3 zaidi ya ulivyokuwa ukienda awali kwa namba hiyohiyo. Kwa kuwa spidomita nyingi huzidisha mwendo, huenda yako ikakaribia ukweli, lakini usiikadirie, ipime kwa GPS. Kama pikipiki yako ina mfumo wa kuzuia gurudumu la nyuma kuteleza, kumbuka kuwa mfumo huo hulinganisha mwendo wa magurudumu mawili, hivyo ujaribu taratibu kwanza. Ukiegesha kwa stendi ya pembeni, utaiona pikipiki imelalia upande zaidi kuliko ulivyozoea, na ukiipandisha kwenye stendi ya katikati, hakikisha gurudumu la nyuma bado linazunguka bila kugusa sakafu. Lizungushe kwa mkono, utazame nafasi iliyobaki kati ya tairi, bamba la matope na mkono wa chuma unaobeba gurudumu, ukikumbuka kwamba tairi huvimba kidogo kwenye mwendo mkubwa.

Hata hivyo, kabla hujanunua chochote, piga magoti nyuma ya pikipiki yako. Chukua rula fupi uilaze juu ya mgongo wa tairi, ikivuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kwenye tairi jipya rula itayumba kama ubao juu ya gogo, kwa sababu inagusa mahali pamoja tu. Ikitulia tuli, imelala juu ya ukanda bapa wa upana wa vidole vitatu au vinne, basi tairi lako limelika katikati kwa safari ndefu za barabara zilizonyooka, na mwanzo na mwisho wa ukanda huo kuna kingo mbili ambazo pikipiki inalazimika kuzipanda kila inapoingia kwenye kona. Ndiyo maana inakataa, kisha inaanguka. Nasema hivi kwa aibu kidogo, kwa kuwa miaka ya nyuma niliwahi kubadilisha beringi za usukani pamoja na mafuta ya shokapu za mbele kutokana na ugonjwa huohuo, na ulipona siku nilipofunga tairi jipya la saizi ileile. Anayelinganisha 190/50 lililochakaa na 190/55 jipya hajalinganisha saizi hata kidogo.

SWALI: Mimi na mke wangu husafiri pamoja tukiwa na masanduku matatu, mawili ya pembeni na moja la nyuma. Nikipita kilometa 110 kwa saa, pikipiki huanza kuyumba polepole kama mashua, hasa tunapopita malori. Nikiwa peke yangu haifanyi hivyo. Je, nifunge tairi linalobeba uzito zaidi?

JIBU: Nakushukuru kwa ile sentensi yako ya mwisho, kwa maana imenipunguzia kazi. Pikipiki inayotulia ikiwa na mtu mmoja na kuyumba ikiwa na mzigo mara chache hukosa tairi imara, ila imekosa marekebisho ya mzigo. Soma alama iliyo ubavuni baada ya saizi. Kama ni 73W, namba 73 ina maana kwamba tairi hilo linaruhusiwa kubeba hadi kilo 365 likiwa na upepo uliokusudiwa, na herufi W ni mwendo wa hadi kilometa 270 kwa saa. Ikiwa alama yako hailingani na ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, badilisha tairi. Ikilingana, liache.

Anza na upepo. Pikipiki nyingi za aina hii huandikiwa psi 42 nyuma (psi ni kipimo cha nguvu ya upepo), nazo hupimwa tairi likiwa baridi, asubuhi kabla hamjaondoka, kwa sababu likishapata joto la barabarani geji itakuonyesha namba kubwa zaidi na utadhani mambo ni shwari. Mwenye tairi la psi 34 ambaye geji inamwonyesha 38 saa sita mchana amepungukiwa mara mbili, kwa upepo na kwa habari.

Kisha njoo kwenye springi ya nyuma, ambako nadhani ndiko tatizo lako liliko. Je, mkisafiri usiku, madereva wanaokuja mbele yako hukuwashia taa wakilalamika? Ikiwa ndivyo, taa yako imeinuka kwa sababu nyuma pamezama, na nyuma pakizama gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unalegea, na pikipiki inaanza kuyumba. Ipandishe kwenye stendi ya katikati hadi gurudumu la nyuma lining'inie, pima kutoka kwenye ekseli hadi alama moja kwenye mwili wa pikipiki iliyo wima juu yake, kisha ishushe, mpande wote wawili mkiwa na mizigo yenu kama ya safari, na mtu wa tatu apime tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili iwe milimita 30 hadi 40, na isizidi theluthi moja ya mwendo wote wa gurudumu la nyuma wa kupanda na kushuka. Ikizidi, kaza springi, na pikipiki nyingi za safari zina kirungu cha kuzungusha kwa mkono kwa kazi hiyo. Springi iliyokazwa hurudi kwa nguvu zaidi, kwa hiyo kaza kidogo na ile skrubu inayopunguza kasi ya kurudi, halafu bonyeza kiti kwa uzito wako wote na kukiachia. Kiti kinatakiwa kupanda mara moja na kutulia. Kikipanda, kikashuka na kupanda tena, bado. Kama hata kirungu kikikazwa hadi mwisho kipimo kinabaki juu ya milimita 40, springi yenyewe ni laini mno kwa uzito wenu.

Sanduku la nyuma ndilo mshukiwa wa pili. Liko juu, tena liko nyuma ya ekseli, kwa hiyo kila kilo iliyomo hulipunguzia uzito gurudumu la mbele, na upepo wa malori hulishika kama tanga. Vifaa vya ufundi, maji na kila kilicho kizito viingie kwenye masanduku ya pembeni, chini kabisa na kwa uzito unaolingana kushoto na kulia, na sanduku la nyuma libebe makoti. Tazama pia kiwango cha kilo kilichoandikwa ndani ya kifuniko chake, maana mara nyingi ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kuyumba kukianza tena barabarani, usishike breki kwa nguvu wala usikaze mikono kupigana na usukani. Legeza mikono, inamisha kifua kuelekea tangi, na upunguze mafuta taratibu hadi itulie.

Ikiwa yote hayo yamefanyika na bado inayumba, mwambie fundi akague beringi za usukani na beringi za mkono wa nyuma. Gurudumu la mbele likiwa limeinuliwa, usukani unatakiwa kuzunguka bila kunasa katikati.

SWALI: Nina Honda Gold Wing GL1800 ya mwaka 2010, na matairi yake ya nyuma huisha upesi. Nimeambiwa nifunge tairi la gari dogo, ambalo hudumu zaidi. Una maoni gani? Pia nimepewa tairi la pikipiki la akiba, jipya lakini limekaa stoo muda mrefu. Nitajuaje umri wake?

JIBU: Wapo wanaofanya hivyo na wanaotetea kwa bidii, lakini mimi siwezi kukushauri ufanye. Gold Wing ya mwaka huo iliundwa kwa 180/60R16, tairi lenye mgongo wa duara. Tairi la gari ni bapa kwa sababu gari halilali kwenye kona. Ukiilaza pikipiki yenye tairi hilo, inasimamia ukingo mmoja na ubavu unajikunja, nawe unalazimika kuusukuma usukani muda wote wa kona ili isijiinue. Ukingo unaokaa kwenye rimu nao umetengenezwa kwa rimu ya umbo jingine. Hutakuwa na mtengenezaji yeyote, wa tairi wala wa pikipiki, atakayesimama upande wako likikusaliti.

Kuhusu umri, tafuta ubavuni neno DOT. Tarakimu nne za mwisho za mfululizo huo ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 1821 ni wiki ya 18 ya mwaka 2021. Kunja ubavu kwa vidole gumba vyote viwili ukiwa mahali penye mwanga. Ukiona nyufa nyembamba kama za tope lililokauka, lisifungwe hata kama mifereji yake ni mirefu. Kama ni zima, lifunge, na kwa kilometa 150 hivi za mwanzo uingie kwenye kona kwa upole, ukiongeza kulala kidogo kidogo hadi utelezi wa juu ya tairi ukwanguke mpaka pembeni.