Lisbon mkiwa wawili: ile karatasi iacheni hotelini

Siku ya kwanza tuligombana kituoni. Tulikuwa Martim Moniz tukisubiri tramu namba 28, ile ya manjano inayopigwa picha na kila mtalii. Mimi nina karatasi yenye mahali kumi na moja pa kuona, mume wangu ana njaa. Tramu mbili zikapita zimejaa. Ya tatu tukaingia, tukabanwa kama dagaa guniani, na tuliposhuka tukagundua pochi ya mume wangu ilishashuka vituo kadhaa nyuma. Wenyeji wanajua kwamba tramu hiyo wezi wa mfukoni wanaipenda kuliko watalii. Sisi hatukuwa na wa kutuambia, basi nawaambia nyinyi: ipandeni alfajiri, au itazameni tu ikipita.

Usiku ule akaniambia, "Mama Nuru, kesho hiyo karatasi iache hotelini." Nikanuna, lakini nikaiacha.

Ushauri wangu kwa mke na mume wenye siku moja Lisbon ni kuchagua jambo moja ambalo mkilikosa mtajuta mkirudi nyumbani. Mengine yaje yenyewe. Letu lilikuwa dhahabu ya Kilwa.

Tulianza saa tatu asubuhi, bila haraka, kwa kahawa. Kahawa yao ndogo wanaiita bica, inaletwa kwenye kikombe cha kiasi cha kile cha kahawa chungu ya Mombasa. Ukinywa umesimama kaunta, mara nyingi bei ni nafuu kuliko ukikaa nje barazani. Tukaongeza pastel de nata, kile kikeki cha krimu ya mayai, kikiwa cha moto na kimenyunyiziwa mdalasini. Mume wangu alikula vitatu. Mhudumu alipotuonyesha pa kuweka vikombe akasema "mesa", tukatazamana tukacheka. Meza! Na leso yangu ya mkononi kwao ni "lenço". Gereza nalo limetokana na "igreja", yaani kanisa, na kwa mtu aliyekulia karibu na Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyokuja kufanywa jela, kama mimi, neno hilo kugeuka jela halihitaji maelezo.

Kwa usafiri, nunueni kadi ya kujaza hela inayotumika kwenye tramu, treni na feri. Kila mtu awe na yake. Moja haiwabebi wawili. Na viatu viwe vya soli isiyoteleza. Njia za miguu zimetandikwa vijiwe vyeupe vilivyosuguliwa na nyayo za miaka, halafu jiji lote ni vilima.

Dhahabu yenyewe imo Museu Nacional de Arte Antiga, makumbusho yaliyo kando ya njia ya kwenda mtaa wa Belém. Usiende Jumatatu, hufungwa. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wa pale kulipa kodi ya dhahabu. Mfalme Manuel I wa Ureno akaamuru dhahabu hiyo itengenezewe monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi ili iabudiwe. Ilikamilika mwaka 1506, na sonara anatajwa kuwa Gil Vicente. Ina minara midogo kama ya kanisa, na chini mitume kumi na wawili wadogo wamepiga magoti, kila mmoja na sura yake. Ni kazi nzuri mno, siwezi kusema vinginevyo.

Mume wangu kwao ni Kilwa Kivinje. Alisimama pale mbele ya kioo muda mrefu, mikono nyuma, kama mtu aliyekwenda kutoa pole. Watu wakaja na simu zao, wakapiga picha, wakaondoka. Laiti tungekuwa na ile karatasi yangu, ningeshamvuta mkono. Sikumvuta. Baadaye tulikaa kwenye bustani ya makumbusho inayotazama mto Tejo, na hapo ndipo alipoanza kunisimulia habari za bibi yake ambazo sikuwahi kuzisikia kwa miaka yote ya ndoa yetu.

Chakula cha mchana nitakipitia haraka. Mkate, zeituni na jibini vinavyowekwa mezani kabla hamjaagiza si zawadi, mkigusa mnalipa. Kama hamvitaki, semeni mapema virudishwe. Na msiokula nguruwe ulizeni kila kitu, hata supu ya mboga, maana ile caldo verde huja na kipande cha soseji juu.

Mchana tulipanda tramu ya 15 hadi Belém, kwenye monasteri ya Jerónimos. Ndani ya kanisa lake, kushoto ukiingia, ndipo alipolazwa Vasco da Gama. Mume wangu akagoma. "Mimi na huyo hatuna la kuongea." Akaketi bustanini kwenye kivuli, nikaingia peke yangu. Na hili nalo mlichukue: mkiwa wawili si lazima muone yote pamoja. Nusu saa kila mtu na lake, mkikutana tena mna cha kuambiana.

Jioni tukaenda Cais do Sodré tukapanda feri ya kuvuka mto hadi Cacilhas. Ni kama dakika kumi tu. Mwezi wa Mei jua huchwa baada ya saa mbili na nusu usiku, kwa hiyo mwanga ulikuwa bado upo, jiji limepanda vilimani nyuma yetu, na kulia daraja jekundu la 25 de Abril. Abiria wengi walikuwa watu wanaorudi kutoka kazini, wamechoka, hakuna anayetazama mandhari. Nikamwambia mume wangu hii ni feri ya Likoni kule Mombasa kabisa, ila Likoni mtembea kwa miguu halipi.

Tulikula samaki wa kuchoma ng'ambo, tukarudi usiku. Ile karatasi ilikuwa bado juu ya kitanda. Mume wangu akaikunja mara nne, akaiingiza chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba tangu tulipofika.